Mchanga wa Podlasie hausomi ramani

Swali linatoka kwa msomaji mzaliwa wa Arusha, anayesomea shahada ya uzamili Warshawa: "Shikamoo kaka. Nimenunua baiskeli ya graveli, ile ya barabara za changarawe, tairi zake ni milimita 35. Mwanzoni mwa Septemba nina siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Nimechora njia ya kilomita 410 kutoka Białystok hadi Zamość, zaidi ya nusu ni msituni. Nataka nione miji ya kale, na kwa kuwa mimi ni Mwislamu, nataka nifike kwenye msikiti wa Watatari, Waislamu wa tangu zamani wa Poland. Programu ya ramani inasema inawezekana. Wewe fundi unasemaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Programu inasema inawezekana kwa sababu yenyewe haisukumi baiskeli. Zamość kwa siku nne, hapana. Msikiti, misitu na miji ya kale, ndiyo, tena kwa raha, ukikubali kushusha safari hadi kilomita 250 hivi na kuzunguka Podlasie peke yake, mkoa wa kaskazini-mashariki mwa Poland, utoke Białystok na kurudi Białystok. Na hizo tairi za 35 zibadilishe kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Nianze na mchanga, maana ndio utakaokuamulia mengine yote. Barafu za kale zilizoshuka kutoka Skandinavia zilipoyeyuka ziliuacha mkoa ule umejaa mchanga, changarawe na mawe ya mviringo. Kwenye ramani njia ya msituni ni mstari mwembamba tu. Haikwambii chini yake kuna nini. Mwaka wangu wa kwanza huku niliingia msitu wa Knyszyn na tairi za 32, mwezi wa nane, mvua haijanyesha wiki tatu. Kipande cha kilomita sita kilinila saa moja na nusu. Naendesha mita ishirini, gurudumu la mbele linapinda, nashuka, nasukuma, napanda tena, yale yale. Mchanga uliingia kwenye viatu, kwenye cheni, mpaka ndani ya mkate niliofunga kwenye mfuko. Nimekulia Tanga, mchanga naujua, lakini ule wa kwetu ukikaribia maji unashika. Huu haushiki.

Baadaye mzee mmoja mchuma uyoga alinifundisha kusoma miti, na hilo limenisaidia kuliko ramani yoyote. Msonobari unavumilia mchanga mtupu. Ukiona misonobari pekee, mirefu, imeachana, na chini yake kuna ukoga wa kijivu unaovunjika kama biskuti ukiukanyaga, jua mbele mchanga upo: punguza gia kabla hujaufikia, rudisha uzito nyuma, kanyaga pedali kwa wepesi bila kuacha, na usiguse breki ya mbele. Ukiona mialoni na miti ya majani mapana, au misprusi, ile miti ya umbo la mti wa Krismasi, iliyosongamana na giza chini, udongo pale una mfinyanzi na utakubeba. Mvua ya usiku usiilalamikie. Asubuhi yake mchanga unakuwa umeshindiliwa, na njia iliyokushinda jana utapita unapiga mluzi.

Kitu cha pili cha kutafuta kwa macho ni kibao kilichoandikwa "Dojazd pożarowy" pamoja na namba. Hiyo ni njia ya gari la zimamoto. Idara ya misitu ya serikali inazitunza njia hizi kwa sababu gari lenye matangi ya maji lazima lipite hata usiku wa manane, na pale ambapo gari la tani kadhaa halizami, wewe huwezi kuzama. Nyingi ni changarawe iliyoshindiliwa vizuri, wenyewe wanaiita "szuter", tamka shuter, na ndiyo hasa ile barabara ambayo baiskeli yako ilitengenezewa. Mimi siku hizi nachora safari kwa kuunga njia za zimamoto kwanza, halafu ndiyo najaza mapengo.

Kuna na adui wa pili. Yale mawe ya barafu wakulima waliyatoa mashambani wakayapanga barabarani, na barabara hizo zipo mpaka leo vijijini. Jina lake ni "kocie łby", yaani vichwa vya paka, na kweli unaona kama umepita juu ya paka elfu waliolala. Chupa inaruka kwenye kishikio, skrubu za karia zinalegea moja moja, mikono inakufa ganzi. Usishindane nayo. Angalia pembeni: karibu kila mahali baiskeli za wanakijiji zimechonga kijia cha udongo, upana wa viganja viwili, kati ya mawe na mtaro. Pita humo.

Kwa hiyo tairi. Weka milimita 45, fremu nyingi za graveli za sasa zinazipokea. Ila pima kwanza nafasi kwenye uma wa nyuma, ubakize angalau milimita nne kila upande, kwa sababu tope likijaa pale linakula rangi na baadaye linakula fremu. Ukiwa na uzito wa kilo 75 na mizigo midogo, upepo bar 2 mbele na 2.2 nyuma unatosha, kama umeweka tyubulesi, yaani tairi zisizo na tyubu ndani. Ukibaki na tyubu ongeza kidogo usije ukapigwa pancha ya kubana kwenye rimu. Beba tyubu moja hata kama ni tyubulesi, kiungo cha cheni cha akiba, na funguo za skrubu zote ulizonazo kwenye baiskeli. Zikaze kila jioni. Cheni ipake mafuta mepesi ya kiangazi au nta. Oili nzito ikikamata mchanga inageuka msasa, na nimeshaona cheni mpya iliyokwisha kwa safari moja.

Sasa njia.

Alhamisi toka Białystok uelekee Supraśl, kama kilomita 18 kwa njia za msituni. Mji mdogo wa nyumba za mbao za wafumaji wa zamani na monasteri kubwa ya Waorthodoksi. Kanisa lake la karne ya 16 Wajerumani walililipua mwaka 1944 walipokuwa wakirudi nyuma, na ujenzi wa kulirudisha ulianza 1984, kwa hiyo kuta unazoziona ni changa kuliko zinavyojifanya. Vipande vya michoro ya asili vilivyookolewa vimo kwenye Makumbusho ya Ikoni, yaani picha takatifu, pale pale uani. Usikae zaidi ya saa moja na nusu. Mbele yako kuna msitu wa Knyszyn wote, kama kilomita 45, na njia za zimamoto ni nyingi. Kunywa maji ya kutosha Supraśl, kwa sababu mle katikati utapita vijiji vya nyumba kumi na duka hakuna.

Jioni utaingia Kruszyniany, na hapa nakuomba ulale.

Usitafute kuba kubwa wala mnara mrefu. Msikiti ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, umekaa chini ya miti mikubwa, na mbele una minara miwili mifupi ambayo ukiiona kwa mbali utasema ni kanisa la kijiji. Mafundi seremala wa huko walijenga walichokijua. Ni juu tu, kwenye ncha, ndipo unapoona hilali. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski alikuwa na deni la mishahara ya wapanda farasi wake wa Kitatari na hazina haina kitu, akawalipa kwa ardhi, kijiji hiki kikiwamo. Miaka minne baadaye Watatari wa upande wake walikwenda naye Vienna kupigana na jeshi la Waosmani, ambalo nalo lilikuwa na Watatari. Inasimuliwa kwamba walijichomeka majani makavu kwenye kofia ili wenzao wasiwaue kwa kuwadhania adui.

Vua viatu vyako mlangoni, vikung'ute mchanga kwanza. Ndani kunanukia mbao na zulia, dari iko chini, mihrabu na mimbari ni vidogo, na kutani kuna aya zilizotiwa fremu kama sisi tunavyotundika nyumbani. Akina mama wana chumba chao kilichotenganishwa kwa ukuta wenye uwazi. Lugha yao ya Kitatari waliipoteza karne nyingi zilizopita, wanazungumza Kipolandi kama majirani, lakini salamu yako wataiitikia. Niliposema "assalamu alaykum" mara ya kwanza, mlinzi wa msikiti aliniangalia kofia ya baiskeli, akaangalia miguu yangu iliyojaa vumbi mpaka magotini, akanionyesha bomba la maji kabla sijauliza. Ukimaliza panda kilimani nyuma ya msikiti, kwenye makaburi wanayoyaita mizar. Mawe ya zamani yamezama nusu kwenye ukoga wa kijani na majani, mengine yana maandishi ya Kiarabu, mengine ya Kirusi, mengine Kipolandi, yote ya Watatari wale wale.

Kijijini ulizia pierekaczewnik. Ni unga uliosukumwa ukawa mwembamba kama karatasi, tabaka sita, zinapakwa siagi, zinajazwa nyama, zinaviringwa kama konokono na kuokwa. Mtu wa chapati na sambusa ataelewa haraka. Nyama uliza ni ya nini na imechinjwa na nani. Hawakasiriki, wameshazoea kuulizwa. Msikiti wa pili, wa Bohoniki, uko kaskazini upande wa Sokółka. Ni mzuri, ila kwa siku nne unakuvunjia mzunguko. Uache.

Kabla hujaondoka Kruszyniany kuna jambo nitakueleza bila kuzunguka. Mpaka wa Belarus uko kilomita chache tu mashariki. Tangu 2022 kuna uzio wa chuma wa kilomita 186, urefu wake kwenda juu mita tano na nusu, na tangu Juni 2024 serikali imekuwa ikifunga vipande vya ukanda wa mpakani kwa wasio wakazi, ikiviongeza muda na kuvibadilisha. Angalia tangazo la walinzi wa mpaka siku ileile unayoondoka, usitegemee njia uliyochora mwezi uliopita. Na sisi watu weusi kwenye barabara ya vumbi karibu na mpaka ule tutasimamishwa. Mimi siku moja nilisimamishwa mara tatu kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Beba pasipoti na kadi ya ukaazi, zenyewe, si picha kwenye simu, uziweke kwenye mfuko wa juu ambao hautahitaji kufukua nguo kuzifikia. Simama kabla hujaambiwa, salimia "dzień dobry", mikono ionekane, toa karatasi. Dakika tano, unaendelea. Inachosha, sitakudanganya, lakini ukiipanga kwenye ratiba kama unavyopanga mlima, haikuharibii siku. Njia zinazoishia kwenye uzio usiingie hata kwa kupiga picha.

Ijumaa pita Krynki, kama kilomita kumi. Katikati ya mji kuna bustani ya pembe sita na barabara kumi na mbili zinazotoka humo kama spoki kwenye kitovu cha gurudumu. Baiskeli ndiyo chombo sahihi cha kuizunguka. Izunguke mara mbili, kisha utafute magofu ya sinagogi kuu, rundo la mawe tu sasa, mtaa mmoja pembeni. Kabla ya vita mji huu uliishi kwa viwanda vya ngozi na wakazi wake wengi walikuwa Wayahudi. Kutoka hapo shuka kusini kwa Gródek na Michałowo mpaka kijiji cha Narew, jumla kama kilomita 75. Ni siku ya kukanyaga, sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa ununue chakula Michałowo.

Jumamosi ni fupi na ndiyo ninayoipenda. Vijiji vitatu, Trześcianka, Puchły na Soce, vimekaa karibu karibu kando ya mto Narew, na nyumba zake za mbao zimechongwa madirishani kama kanga: maua, ndege, nyota, kila nyumba na rangi zake. Kanisa la Trześcianka ni la kijani, la Puchły ni la buluu. Wazee wa pande hizo ukiwauliza wanazungumza lugha gani hawasemi Kibelarusi wala Kiukraini. Wanasema "po swojemu", yaani kwa namna yetu wenyewe. Mbwa wapo, wengi wamefungwa. Asiyefungwa akikujia, shuka, weka baiskeli katikati yenu, tembea. Ukimkimbia ndiyo unamfurahisha.

Juu ya nguzo za umeme utaona viota vikubwa kama ungo, vitupu. Ni vya korongo weupe, na wewe utakuwa umechelewa: huondoka nusu ya pili ya Agosti, wanapita Bosporus na bonde la Nile, na wengi wao wanamalizia msimu Afrika Mashariki. Wale utakaowakosa Podlasie mama yako anaweza kuwaona Serengeti mwezi wa kumi na mbili.

Lala Suraż, moja ya miji midogo kabisa ya Poland. Jumapili ufuate kingo za Hifadhi ya Taifa ya Narew hadi Tykocin, kama kilomita 40, mto umejigawa vijito vingi visivyohesabika na matete yamekuzidi kimo. Tykocin lina uwanja mpana wa mawe na kanisa la Baroko upande mmoja, na upande wa pili wa mji kuna sinagogi la mwaka 1642. Ingia. Sala zimeandikwa kwa Kiebrania ukutani kote, herufi kubwa, kwa sababu vitabu vilikuwa ghali na mtu aliweza kusoma akiwa amesimama. Wenye sala zile hawapo: tarehe 25 na 26 Agosti 1941 Wajerumani waliwachukua karibu Wayahudi wote wa mji hadi msitu wa Łopuchowo, wakawapiga risasi. Msitu uko kilomita chache tu, na kuna kibao. Njia ya kuingia ni nzuri sana kwa graveli, jambo linalonikera kila mara ninapopita. Mimi hushuka na kutembea.

Sasa kupe, kabla sijasahau, maana hao wanawaumiza waendesha baiskeli wengi. Podlasie ni nchi yao. Wanaleta ugonjwa wa Lyme, ambao huku unaitwa borelioza, na homa ya ubongo. Homa ya ubongo ina chanjo; nenda kwa daktari wiki hii umwambie tarehe ya safari, kuna ratiba ya haraka ya dozi mbili za mwanzo. Borelioza haina. Kila jioni vua nguo zote ujikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kitovuni, mwisho wa nywele. Ukimkuta, mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Usimpake mafuta wala siagi kama utakavyoshauriwa na bibi wa nyumba ya wageni. Akikereka anatapika ndani yako. Andika tarehe. Duara jekundu likianza kutanuka hapo baada ya siku kadhaa au hata wiki, nenda hospitali na tarehe yako, usisubiri liishe.

Kulala: vijijini kuna vyumba kwenye nyumba za wakulima, neno la kutafuta ni "agroturystyka". Ukitaka hema, idara ya misitu tangu 2021 ina mpango wa maeneo maalumu ambapo mnaruhusiwa kulala bila kibali, watu wasiozidi tisa, usiku usiozidi miwili mahali pamoja. Nje ya maeneo hayo ni faini. Moto ni pale tu palipotengwa, na kiangazi kikikaza msitu wenyewe unaweza kufungwa, kwa hiyo angalia ramani ya makatazo asubuhi. Septemba ni mwezi wa jeleni, yaani kulungu wakubwa wa huku, madume kugombea majike. Usiku wananguruma kama ng'ombe mwenye hasira ndani ya pipa. Ukiusikia karibu na hema, ndio huo, lala.

Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kwa sheria, basi chakula cha Jumapili kinunuliwe Jumamosi kabla ya saa nane mchana. Duka la kijiji anaweza kufungua mwenyewe mwenye duka akipenda, na asipopenda hafungui.

Ukirudi Białystok Jumapili alasiri utakuwa na saa mbili tatu mkononi. Kuna makumbusho yaliyofunguliwa Septemba 2021, Muzeum Pamięci Sybiru, kuhusu watu waliopelekwa Siberia na Wasovieti. Nakutuma kwa sababu wewe ni wa Arusha. Baadhi ya waliochukuliwa kutoka mashariki ya Poland tangu Februari 1940 waliruhusiwa kutoka, wakapita Uajemi, na kama elfu tano wakaishia Tengeru, kwenye kambi iliyokuwa na shule, kanisa na mashamba. Makaburi yao yapo pale mpaka leo, pengine umeyapita ukienda sokoni.

Treni ya kurudi Warshawa jioni ya Jumapili hujaa watu, na nafasi za baiskeli kwenye behewa ni chache, zinauzwa na tiketi yake ya pembeni. Inunue leo, hata kabla ya tairi. Na piga cheni brashi kavu kituoni, kwa sababu abiria wa jirani atakuwa amevaa suruali nyeupe.